KUREJESHA MNG'AO WA MOTOKAA KISIWANI MOMBASA

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji ya chumvi, na motokaa ilalayo nje katika Mji wa Kale, Kizingo au Tudor haipati raha hata usiku. Mchana jua huichoma. Jioni upepo wa bahari huipaka chumvi. Na mwenyewe akiiweka chini ya mwembe apate kivuli, kunguru huiangushia kinyesi kiilacho rangi upesi. Miaka michache ikipita, motokaa iliyoteremshwa Kilindini iking'aa kama kioo huonekana kana kwamba imenyunyiziwa majivu.

Hapo wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kusafishia rangi. Dawa hiyo ni nzuri, lakini yafaa kwanza kuijua kazi yake. Majivu yale si uchafu ulioletwa na upepo, bali ni rangi yenyewe iliyokufa. Miale ya jua huvunja gundi ishikayo chembe za rangi, nazo hubaki juu kama vumbi la chaki. Ndani ya dawa mna mafuta ya kuyeyusha uchafu, pamoja na unga laini sana wa kusugulia, uondoao ngozi hiyo iliyokufa hata rangi iliyo hai ikaonekana. Basi dawa haiongezi kitu, hupunguza. Rangi ya kiwandani, pamoja na ile ya msingi, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Mwenye kusugua kila mwezi hula akiba yake, mpaka bati litokeze na chumvi ilete kutu.

Tena rangi si za namna moja. Motokaa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 zimepakwa vanishi angavu juu ya rangi. Vanishi ikiwa imefifia tu, dawa itafaa. Ikiwa imeanza kubanduka kama gamba la nyoka, hapana dawa ya chupa itakayoirudisha. Hiyo ni kazi ya fundi wa rangi.

Mwenye kutaka kuitumia dawa na afuate utaratibu huu. Kwanza, motokaa ioshwe kwa maji matamu mengi, maana maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvichumvi. Pili, kazi ifanywe kivulini, asubuhi, bati likiwa limepoa. Tatu, dawa ijaribiwe mahali padogo pasipoonekana. Nne, itiwe kidogo katika kitambaa laini chenye unyevu, isuguliwe taratibu sehemu ndogo ndogo, na kingoni, ambako rangi ni nyembamba, mkono uwe mwepesi. Kisha ipanguswe kwa kitambaa safi. Kwa kuwa mvuke wa dawa nyingi ni mkali na waweza kushika moto, milango ya banda iachwe wazi, wala pasivutwe sigara.

Hata hapo kazi haijakwisha. Rangi iliyofunuliwa haina kinga, na hapana budi ipakwe nta siku ile ile. Mwenye kuosha chumvi kila juma na kupaka nta kila miezi miwili au mitatu hataihitaji dawa ila mara moja kwa mwaka, pengine asiihitaji kabisa. Na siku ya kuiuza motokaa yake, mnunuzi hataweza kuitaja rangi ili apunguziwe bei.