Ukubwa na Ukali wa Tetemeko la Ardhi: Istilahi za Kiswahili na Mantiki ya Vipimo

1.0 Utangulizi

Tetemeko la ardhi lililoukumba Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016, liliua watu wasiopungua 17, likaharibu maelfu ya nyumba na kuhisiwa pia katika nchi jirani za Uganda na Rwanda. Katika vyombo vya habari zilisambaa namba mbili, 5.7 na 5.9, “katika kipimo cha Richter”. Katika taarifa za Kiswahili, namba za aina hiyo huitwa mara ukubwa, mara nguvu, mara ukali, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Makala haya yanafafanua jinsi tetemeko linavyotokea na kupimwa, na yanadai kuwa kutenganisha ukubwa na ukali ni suala la sera, si la lugha pekee.

2.0 Chanzo cha Tetemeko na Namna ya Kulinasa

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linatanuka kwa milimita chache kila mwaka. Miamba ya pande mbili za ufa hukwamishwa na msuguano huku ikiendelea kuvutwa. Mkazo unapouzidi msuguano, miamba huteleza ghafla. Mahali mtelezo unapoanzia chini ya ardhi panaitwa hapa kiini, na mahali palipo juu yake kwenye uso wa dunia ni kitovu.

Mtelezo huo hutoa mawimbi ya aina mbili kuu yanayopita ndani ya dunia. Ya kwanza husafiri katika miamba ya juu kwa takribani kilomita 6 kwa sekunde; ya pili, ambayo aghalabu hutikisa zaidi, kwa takribani kilomita 3.5. Seismografu hurekodi muda wa kuwasili kwa kila aina. Kila sekunde moja ya tofauti huashiria umbali wa takribani kilomita 8, hivyo vituo vitatu vinatosha kukadiria kitovu.

3.0 Ukubwa

Mwaka 1935, Charles Richter alitunga skeli ya kulinganisha matetemeko ya California Kusini, nchini Marekani. Skeli hiyo haikuwakilisha vyema matetemeko makubwa sana. Mwaka 1979, Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walipendekeza skeli ya momenti, inayozingatia eneo la ufa lililoteleza, urefu wa mtelezo na ugumu wa miamba. Hiyo ndiyo inayotumiwa zaidi leo kwa matetemeko makubwa na ya kati, ingawa taarifa nyingi bado hutaja Richter.

Neno kipimo nalo huleta utata, kwa kuwa hutaja kiasi, kigezo na hata chombo. Msomaji anaweza kudhani kuwa Richter ni mashine. Inafaa chombo kiitwe kipimio na kigezo kiitwe skeli.

Skeli hizi hazipandi kama rula. Ongezeko la 1 humaanisha kimo cha wimbi mara 10 na nishati takribani mara 32. Hata tofauti ya 5.7 na 5.9 ni sawa na nishati takribani maradufu.

4.0 Ukali

Ukali ni athari ya mtikisiko mahali fulani. Skeli ya Mercalli iliyorekebishwa huupanga kuanzia I hadi XII, kwa kuangalia watu walihisi nini na majengo yalipata madhara gani. Ngoma hupigwa kwa nguvu moja, lakini aliye uwanjani haisikii sawa na aliye kijiji cha pili. Vivyo hivyo, tetemeko moja lina ukubwa mmoja na ukali mwingi, kutegemea umbali, kina cha kiini, aina ya udongo na uimara wa majengo.

Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika. Nishati yake ilizidi ile ya tetemeko la Kagera zaidi ya mara 20, lakini vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vichache kuliko vya Kagera. Ukubwa peke yake, basi, haukuweza kutabiri maafa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mshauri wa sera anayesoma “ukali wa 5.9” huenda akaamini kuwa wilaya zote zimetikiswa sawa, na misaada ikagawanywa kwa msingi huo. Yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, ukubwa utumike kwa tetemeko zima na uandikwe kwa desimali. Ukali utumike kwa mahali mahususi na uandikwe kwa namba za Kirumi. Pili, kila taarifa itaje skeli na taasisi iliyopima, ili namba mbili zisionekane kuwa uongo wa upande mmoja. Tatu, nchi za ukanda huu zikubaliane istilahi hizi kwa pamoja, kwa kuwa mawimbi ya tetemeko hayasimami mpakani, na tahadhari inayovuka mpaka kwa Kiswahili inapaswa kueleweka vilevile pande zote mbili.