Usikimbilie vanishi, mlango utarudishwa

Wauzaji wenzangu, mlango wangu wa kwanza uliotumika niliuposti unang'aa, ukanunuliwa siku hiyohiyo. Wiki tatu tu vanishi ikabanduka, nikamrudishia mteja hela yote. Kosa langu: nilipaka juu ya uchafu na mafuta ya mikono.

Siku hizi nafanya hivi. Toa kitasa na bawaba. Osha kwa maji ya sabuni, hasa pale watu wanaposhika, uache ukauke kabisa. Vaa barakoa, piga msasa namba 80 mpaka vanishi ya zamani itoke, kisha 120, malizia 220. Fuata mistari ya mbao, usikate. Futa vumbi lote ndo upake.

Halafu posti na picha ya mbao tupu kabla hujapaka. Mteja akiiona, hata bei habishani sana.