SOLA YA JUU YA GARI: IWE NYEPESI, LAKINI IDUMU

Sola ya juu ya nyumba umeiona. Imetulia pale pale, haitikiswi. Sola ya juu ya gari ina taabu nyingi. Inarushwa kwenye makorongo, inapigwa na upepo na matawi. Je, itengenezwe vipi ili idumu?

Kwanza tuijue sola yenyewe. Ndani yake mna vipande vyeusi viitwavyo seli. Seli ndiyo inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Nayo ni nyembamba kuliko ganda la yai. Ukiikunja, inapasuka.

Ndiyo maana sola ya nyumbani hufunikwa kwa kioo. Kioo kinakinga vizuri, lakini ni kizito. Sola ya wati 100 yenye kioo ina kilo 6 hadi 8. Isiyo na kioo ina kilo 2 hivi.

Kwa gari linaloendeshwa na jua lenyewe, kila kilo ni mzigo. Desemba 1982, huko Australia, Hans Tholstrup na Larry Perkins waliondoka Perth kwa gari la namna hiyo. Walifika Sydney Januari 1983. Walikwenda zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku 20.

Sasa, kioo kikiondolewa, seli zitalindwa na nini? Mafundi huzipanga katika matabaka. Juu huweka plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Katikati huweka plastiki laini inayozishika seli kama gundi na kuzuia maji. Chini huweka ubao mwembamba wa faibaglasi, ile inayotengenezewa mashua. Ubao huo ndio uti wa mgongo. Unazuia seli zisikunjike gari linapotikisika. Plastiki ya juu nayo iwe nzuri. Ikiwa hafifu, jua huifanya manjano, na mwanga haupiti vizuri tena.

Adui mwingine ni joto. Sola hupimwa seli zikiwa na joto la digrii 25. Zikifika digrii 65, nguvu ya sola hupungua kwa asilimia 16 hivi. Basi usiibandike moja kwa moja juu ya bati la gari. Iweke juu ya ubao mgumu, kisha uinue ubao huo kidogo ili upepo upite chini yake.

Hatari kubwa ni ufa usioonekana kwa macho. Seli yenye ufa, au iliyofunikwa na uchafu, huzuia umeme wa wenzake na kuugeuza joto. Joto hilo linaweza kuunguza plastiki. Fedha yako imepotea, na gari lako limo hatarini.

Kwa hiyo kumbuka:
1. Usikanyage sola, wala usiweke magunia juu yake.
2. Usiikunje ili ifuate umbo la gari.
3. Ifute vumbi kwa maji na kitambaa laini.
4. Kaza nyaya na skrubu kila baada ya safari ndefu.
5. Ukiona doa lililoungua, izime na umwite fundi.

Sola nyepesi ni mali. Ila wepesi bila uti wa mgongo haufiki mbali.