Mchangia Damu Akirudi Mara ya Pili

Chembe nyekundu za damu zikihifadhiwa katika jokofu la benki ya damu hudumu siku 35 hadi 42, kutegemea kihifadhi kilichomo katika mfuko. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Kwa hiyo hakuna nchi inayoweza kujiwekea akiba ya damu ya mwaka mzima. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria kali na mgonjwa wa selimundu hutegemea watu waliochangia siku au wiki chache tu zilizopita.

Nchini Tanzania kazi hiyo imekabidhiwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004. Kabla yake hospitali zilijitafutia damu zenyewe, mara nyingi kwa ndugu wa mgonjwa. Mpango ulileta vituo vya kanda, vikiwemo vya Dar es Salaam, Mwanza, Moshi na Mbeya. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende, kabla ya kumfikia mgonjwa.

Hata hivyo, desturi ya kuwategemea ndugu haijatoweka, nayo ina udhaifu wake. Anayeombwa damu wakati mgonjwa wake yuko katika chumba cha upasuaji huja na hofu na haraka. Katika mahojiano anaweza kuficha jambo ambalo angelisema akiwa ametulia. Mchangiaji wa hiari hana shinikizo hilo. Akiwa ni mtu wa kurudi mara kwa mara, damu yake imekwisha kupimwa mara kadhaa. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa maambukizi mapya yanaweza yasionekane katika vipimo siku za mwanzo.

Kumpata mtu achangie mara moja si kazi ngumu sana. Shule, vyuo, misikiti na makanisa hufungua milango, na kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, watu hujitokeza. Kazi kubwa ni kumrudisha. Wanafunzi wakienda likizo, chanzo kikubwa cha damu hukauka. Mwaka 1989 Zimbabwe ilianza kulitatua tatizo hilo kwa klabu ya vijana walioahidi kuchangia mara 25 hadi wafikapo umri wa miaka 25. Ahadi iliyotolewa mbele ya wenzako ni vigumu kuisahau.

Hesabu yake ni rahisi. Mwanamume huweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Wanaume 10 na wanawake 10 wa mtaa mmoja wakitimiza zamu zao, hutoa chupa 70 kwa mwaka.

Arudi au asirudi, mengi huamuliwa na namna alivyopokewa. Aelezwe kitakachofanyika kabla ya kuchomwa sindano, apumzishwe na kupewa kinywaji, kisha apewe majibu ya vipimo kwa siri. Anayekataliwa kwa sababu wingi wa damu haujafika gramu 12.5 aambiwe sababu, ashauriwe kuhusu lishe na matibabu, na apangiwe tarehe ya kurudi. Ujumbe mfupi wa simu siku zamu yake inapowadia humkumbusha kwamba bado anahitajiwa.

Kinachomfukuza upesi kuliko vyote ni habari kwamba damu aliyoitoa bure imeuzwa. Mgonjwa anayetakiwa kuinunua damu ana haki ya kuuliza na kutoa taarifa kwa uongozi wa hospitali. Kwa kufanya hivyo huwalinda pia wagonjwa watakaomfuata.

Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema anaweza kufika katika kituo cha damu kilicho karibu. Mwanamume aliyechangia Machi, ifikapo Juni zamu yake imefika tena.