Panya hawagombei mipaka, gunia la mahindi lapanda bei

MASASI na NEWALA: Minada ya korosho inapomalizika, sehemu ya fedha za wakulima huenda kwenye chakula. Mfanyabiashara anayepanga kununua mahindi bila kuuliza habari za panya anacheza pata potea.

Mharibifu mkuu ni panya shamba, Mastomys natalensis. Hufukua mbegu mara zinapopandwa, kisha hurudi mahindi yanapokomaa. Hasara ya mahindi nchini hukadiriwa kuwa asilimia 15 hivi kwa mwaka, na mwaka wa mlipuko huzidi hapo.

Kwa nini wasipunguzane wenyewe? Mwaka 1980 wataalamu Eric Charnov na James Finerty walitoa nadharia kuhusu panya wa mbugani wa nchi za baridi. Wakiwa wachache, majirani huwa ndugu, hivyo huvumiliana na kuzaana. Idadi ikikua, wageni huchanganyika nao, ugomvi huzidi na uzazi hushuka. Kwa maneno mengine, undugu huongeza idadi na ugeni huipunguza.

Kwa panya shamba breki hiyo ni dhaifu. Utafiti uliofanyika Morogoro, makao ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), umeonyesha kuwa maeneo yao huingiliana bila kulindwa, na watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jike hubeba mimba siku 23 hivi na kuzaa watoto 11 au zaidi kwa mkupuo. Kinachoamua idadi ni mvua na chakula. Mvua zikiwa nyingi Novemba na Desemba, watoto huzaliwa mapema, hukomaa na kuzaa msimu huohuo. Hapo ndipo mlipuko huanzia.

Hali hiyo ina maana mbili sokoni. Kwanza, mkulima anayetega sumu peke yake hupoteza fedha. Shamba lililosafishwa halina mwenyewe wa kulilinda, na panya wa jirani huhamia ndani ya wiki chache. Majirani wakitega pamoja, kabla ya kupanda, gharama hulipa. Hata uwindaji wa panya kwa kitoweo, ambao wenyeji wa kusini huwaita samaki nchanga, haufui dafu mbele ya uzazi huo.

Pili, mnunuzi asisubiri mavuno ndipo akadirie bei. Aulize mvua za mwisho wa mwaka zilikuwaje, na wakulima wangapi wamelazimika kurudia kupanda. Majibu hayo humfikia miezi kadhaa kabla gunia halijafika sokoni.