Kali Haikutengenezwa kwa Anayehama Windows

Distro, yaani toleo mojawapo la Linux, huchaguliwa kwa kutazama mambo mawili: mashine iliyopo, na kazi ambayo mwenye mashine anaifanya kila siku. Sababu ya kuhama inaeleweka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, pamoja na mengine, chipu ya TPM 2.0 na kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye. HP EliteBook 840 G3, laptop ya mtumba isiyokosekana Kariakoo wala Luthuli Avenue, ina prosesa ya kizazi cha 6. Imekataliwa ingali nzima. Linux inaiendesha vizuri tu. Lakini mwenye laptop hiyo akifika kwa fundi, hazungumzii mashine wala kazi. Anauliza distro ya Kali inapigwaje.

Kali ilitolewa Machi 2013 na kampuni ya Offensive Security ili irithi distro ya BackTrack. Kazi yake ni moja: kupima usalama wa mitandao na mifumo, tena kwa idhini ya mwenye mali. Sifa yake mitaani ina chimbuko jingine: tamthilia ya Mr. Robot iliyoanza kurushwa 2015, video za YouTube zenye maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi, na nembo ya joka. Hapo ndipo ilipozuka imani kwamba Kali ni Linux ya wajuzi, na kwamba anayeianza mapema huupata ujuzi mapema. Watengenezaji wenyewe wanaikana imani hiyo. Nyaraka zao rasmi zinasema wazi kwamba Kali haimfai asiyeizoea Linux, wala anayetafuta mfumo wa matumizi ya kawaida. Onyo liko hadharani, halijafichwa popote, na bado halisomwi.

Zana zinazofuatwa huko si mali ya Kali. Nmap, Wireshark na Aircrack-ng zimo kwenye hazina za Ubuntu na Linux Mint, na zote tatu huingia kwa amri moja: sudo apt install nmap wireshark aircrack-ng. Kisichoingia kwa amri yoyote ni kuelewa kwa nini poti namba 445 iliyo wazi ni jambo la kutia wasiwasi, au pakiti imepita wapi kabla ya kufika. Hayo ni somo la mitandao, na asiyelisoma hatasaidiwa na joka.

Kwa matumizi ya kila siku, Kali humkwaza mgeni, na kwa sehemu humkwaza kwa makusudi. Huduma za mtandao huja zimezimwa, na Bluetooth vilevile, kwa sababu mpimaji wa usalama hataki mashine yake ijitangaze. Mgeni anayeunganisha spika yake huona tu kwamba laptop imeharibika. Masasisho yanatoka tawi la majaribio la Debian na hayana kituo, hivyo kilichofanya kazi jana kinaweza kugoma leo. Mzoefu hurekebisha, mgeni huanza upya. Hazina zake zimewekwa chache makusudi, na anayeongeza za Ubuntu kwa kufuata video fulani ameshauvunja mfumo, anasubiri tu kuona lini. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 2019 Kali ilimwingiza mtumiaji moja kwa moja kwenye akaunti ya mtumiaji mkuu, ambamo amri moja iliyokosewa hufuta chochote bila kipingamizi. Toleo la 2020.1 liliacha utaratibu huo. Video za zamani hazikuacha.

Na kuvunja Wi-Fi ya jirani? Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, distro iwe yoyote. Anayetaka kweli kusomea fani hii ataiendesha Kali ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo ndani ya mfumo, akishazoea Linux ya kawaida.

Linux ya kawaida ni ipi? Kwa wengi ni Linux Mint yenye eneokazi la Cinnamon: menyu iko chini kushoto, dirisha hufungwa kulia, na hakuna cha kujifunza upya siku ya kwanza. Mashine yenye RAM ya GB 4 ichukue Mint ya Xfce, eneokazi jepesi zaidi. Ubuntu ichukuliwe katika toleo la LTS (la huduma ya muda mrefu), mfano 24.04, linalohudumiwa miaka 5; sura yake ni tofauti na Windows lakini msaada wake ni mwingi. Zorin OS inamfaa asiyetaka kuona tofauti kabisa. Fedora ni nzuri, isubiri.

Upande wa programu, LibreOffice hufungua faili za Word, ingawa jedwali tata linaweza kusogea. Microsoft 365 hufanya kazi kupitia kivinjari. Photoshop na QuickBooks Desktop hazina toleo la Linux, na Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, si ya kutegemewa kwa hizo; anayeishi kwa programu hizo abaki na Windows au aweke mifumo yote miwili.

Faili la ISO la kusakinishia, takriban GB 3 kwa Mint, lipakuliwe kwenye tovuti ya distro yenyewe na kuandikwa kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher. Kabla ya kugusa diski, nyaraka zinakiliwe kwingine, na ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, kama inatumika, uandikwe pembeni. Kisha mashine iwashwe kutoka kwenye flashi, mfumo ujaribiwe bila kusakinishwa: sauti, kamera, printa, Wi-Fi. Wi-Fi isipoonekana, kama inavyotokea kwa kadi kadhaa za Broadcom, simu ichomekwe kwa waya wa USB igawe intaneti, na draiva ipakuliwe kupitia Kisimamia Draiva cha Mint.