Misimu ya vina ya London

Misimu ya vina ya London ni aina ya misemo ya Kiingereza iliyoanza katika mitaa ya mashariki ya jiji la London, Uingereza, ambako wenyeji wake huitwa Cockney. Katika misimu hiyo neno la kawaida huachwa, na mahali pake hutumika kifungu cha maneno kinachomalizika kwa kina kimoja na neno lililoachwa.

Muundo

Mfano unaojulikana sana ni "apples and pears", yaani matufaha na peasi. Maana yake ni ngazi, kwa sababu "pears" ina kina kimoja na "stairs". Vivyo hivyo "dog and bone", mbwa na mfupa, ni simu, kwa kuwa "bone" ina kina na "phone".

Ugumu huzidi pale neno la mwisho, ambalo ndilo lenye kina, linapokatwa:

- "Butcher's hook", kulabu ya muuza nyama, husimama badala ya "look". Msemaji hutamka "have a butcher's" tu, akimaanisha "tazama".
- "Loaf of bread", mkate, ni "head", yaani kichwa. Hivyo "use your loaf" maana yake ni "tumia akili".
- "China plate", sahani ya kauri, ni "mate", yaani rafiki. Rafiki huitwa "china".

Historia

Misimu hiyo ilijulikana London katikati ya karne ya 19. Mwaka 1859 John Camden Hotten alichapisha kamusi ya misimu ya Kiingereza yenye orodha ya misemo ya vina, akiihusisha na wachuuzi na waimbaji wa mitaani. Kama ilivyo kinyume katika Kiswahili, ambapo "nyumba" hugeuzwa kuwa "mbanyu", asiyejua kanuni haelewi kinachosemwa.

Misemo mingine ilizaliwa baadaye. Jina la Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950, lilipata maana ya "curry", mchuzi wa viungo. Nchini Australia "dead horse", farasi aliyekufa, ni "sauce", yaani sosi ya nyanya.

Matumizi

Baadhi ya misemo imeingia katika Kiingereza cha kila siku, na wengi huitumia bila kujua asili yake. Kwa mfano "porkies", uongo, imetokana na "pork pies", iliyo na kina na "lies".

Kwa mwanafunzi wa Kiingereza, kutafsiri misemo hii neno kwa neno hupotosha maana. Ufunguo wake ni neno lililokatwa. Likishapatikana, kina chake huonyesha maana. Misimu hii ni ya mazungumzo, haifai katika barua rasmi wala majibu ya mtihani.